Tupeane uzoefu: The Police ilikufikiaje, na wimbo upi ulikuganda?

Wadau, salaam. Watu wa rika langu tukikutana tunazungumzia Sikinde na Msondo, bendi zetu za dansi, na ni haki yao. Lakini ipo bendi moja ya Kizungu iliyotuingia vichwani kimyakimya, bila televisheni na bila gazeti, na sijaona mahali ambapo watu wa kwetu wamekaa wakaisimulia. Naisema The Police. Nianze mimi.

Mwaka 1984 nilikuwa darasa la sita, Temeke. Binamu yangu alikuwa baharia, na alipotoka safari alileta kaseti ya dakika sitini iliyoandikwa neno moja kwa kalamu ya bluu: POLICE. Nilidhani ni ile bendi ya matarumbeta ya jeshi la polisi, nikategemea gwaride. Kilichotoka ni gitaa lililodondoka kama matone ya maji kwenye sufuria tupu, besi ya rege, na sauti nyembamba ya mwanamume iliyopanda juu mpaka nikainua kichwa kuitafuta. Bara hatukuwa na televisheni miaka ile, kwa hiyo sura zao sikuzijua. Kwa muda mrefu niliamini kabisa mwimbaji ni Mjamaika. Betri zilikuwa za shida, tulizianika juani juu ya bati ili tupate nyimbo mbili tatu zaidi jioni. Na upande wa pili wa kaseti ulimalizika katikati ya "Walking on the Moon". Mkanda uliisha, tak! Nilikuja kuusikia wimbo wote miaka ya tisini, redio binafsi zilipoanza. Mpaka leo ukifika pale ulipokatika, mwili wangu hujiandaa kwa kimya.

Kwa wadogo zetu wasiowajua: bendi ilizaliwa London mwaka 1977. Aliyeianzisha ni Stewart Copeland, mpiga dramu, Mmarekani aliyekulia Cairo na Beirut kwa sababu baba yake alikuwa mtu wa CIA. Akampata Gordon Sumner, mwalimu wa shule kutoka Wallsend, kaskazini mwa Uingereza, ambaye dunia inamwita Sting. Gitaa alianza nalo Henry Padovani wa Corsica, ila mwaka uleule akaja Andy Summers, mtu mzima kuliko wenzake, kazaliwa 1942, na Padovani akaondoka. London wakati huo ilikuwa ya panki: kasi, hasira, kodi (chords) tatu za gitaa basi. Hawa walivaa vazi la panki ili wapate pa kupiga, lakini mikono yao ilijua mengi mno. Wakachukua rege iliyokuwa imejaa mitaa ya Wajamaika wa Uingereza, wakaichanganya na ile kasi, na waandishi wakawaweka kwenye kundi la wimbi jipya (new wave) pamoja na Blondie na Talking Heads. Hata zile nywele za dhahabu walizipaka 1978 kwa ajili ya tangazo la bigijii za Wrigley's, kwa sababu njaa ilikuwa imewabana.

Albamu tano tu, kuanzia 1978 hadi 1983. Nyimbo tano namba moja Uingereza. Kisha wakaachana wakiwa juu kabisa. Haya, karibuni.

Mdau wa Arusha:

Umenigusa mkuu. Mimi ni mpiga dramu wa kanisani, na huyo Copeland ndiye mwalimu wangu ingawa hajui kama nipo. Kwaya yetu ilipopata dramu za kwanza, 1991, tulikuwa tunapiga kwa nguvu tu, pigo la kwanza lazima lisikike mpaka barabarani. Rafiki akaniazima kaseti ya "Reggatta de Blanc" ya 1979. Nikaisikiliza wiki nzima nikitafuta pigo la kwanza liko wapi. Halipo! Rege ya Jamaika inaliacha wazi, ngoma ya mguu inashuka kwenye la tatu. Copeland akachukua ule uwazi, halafu kwenye matoazi mawili ya mguu akawa anafanya vitu vidogovidogo kama mtu anayeandika kwa kalamu yenye ncha nyembamba. Fimbo ya mkono wa kushoto ameishika kama wapiga ngoma wa gwaride, kiganja juu.

Nilipojaribu kanisani, mwalimu wa kwaya alisimamisha wimbo akauliza kama naumwa. Nikamwomba anivumilie Jumapili tatu. Ya tatu, kina mama wa sauti ya pili walianza kuyumba bila kuambiwa. Wanafunzi wangu wote nawaanzishia hapo: jifunze kwanza pa kunyamaza.

Mwanzisha uzi:

Hilo ndilo nililotaka mtu aliseme. Watu watatu, na kila mmoja anajua kumwachia mwenzake nafasi kwenye muziki, wakati nje ya muziki walikuwa hawaachiani hata kiti. Sting na Copeland walikuwa wakigombana studio mpaka kushikana. Albamu ya mwisho, "Synchronicity", waliirekodi Montserrat kule Karibi kila mtu akipiga chumba chake.

Mdau wa Unguja:

Assalaam alaykum. Miye nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano. Ami yangu alikuwa akiishi Muscat, na kila akija likizo alikuja na kanda za video zenye nyimbo mchanganyiko. Tukijaa sebuleni, watoto chini, wakubwa kwenye makochi. Ndani ya kanda moja mlikuwa na "Every Breath You Take", picha nyeusi na nyeupe tupu. Kisahani cha majivu ya sigara kinageuka kuwa ngoma. Sting kakumbatia besi kubwa ya kusimama, hacheki hata kidogo, na nyuma yao kuna mtu anasafisha dirisha kubwa kama hayamhusu. Sisi wasichana tukaona hayo ndiyo mapenzi. Tukaandika maneno daftarini, tukayakosea, tukayaimba hivyohivyo.

Bibi yetu, Mungu amrehemu, hakujua neno la Kiingereza. Alikuwa akichambua mchele. Akamtazama yule mwimbaji mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyu kijana hana amani. Msije mkaolewa na mtu wa macho haya." Tukamcheka. Nilipofika chuo nikapata kusoma maneno yenyewe sawasawa, nikakaa kitako. Bibi alikuwa kausikia wimbo kuliko sisi sote.

Mdau wa Mombasa:

Dada wa Unguja, nyanya yako alikuwa sahihi kabisa, na mimi nililipia somo hilo kazini. Mimi ni didijei wa harusi tangu 1998. Bwana harusi mmoja alikuja kwangu Tudor akitaka huo wimbo wakati yeye na bibi arusi wanaingia ukumbini. Nikasema sawa, mteja ni mteja, tena nilikuwa nishaupiga kwa harusi nyingi tu. Siku ya kupanga ratiba, shangazi ya bibi arusi, mwalimu mstaafu, akaniomba niucheze wote. Akasikiliza amefumba macho. Halafu akaniuliza taratibu, mbele ya bwana harusi: "Mwanangu, huyu anamwimbia mke wake au anampeleleza?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikausoma mstari kwa mstari. Ni mtu aliyeachwa, anaapa kwamba hatua yoyote utakayopiga ataiona. Sting aliuandika 1982 pale Goldeneye, Jamaika, nyumba iliyokuwa ya Ian Fleming aliyebuni James Bond, wakati ndoa yake mwenyewe inavunjika. Na amesema mara nyingi kwamba si wimbo wa mapenzi matamu. Lakini Marekani ulikaa namba moja wiki nane mwaka 1983, na watu wanaendelea kuolewa nao. Gitaa ni tamu mno, hilo ndilo linalotufumba macho.

Mdau wa Mbeya:

Shikamooni wakubwa. Mimi ni wa 1999, nahisi ndiye mdogo humu. Kaka yangu alifariki kwa ajali ya pikipiki mwaka 2016. Siku ya arobaini rafiki zake walikuja na spika wakaweka "I'll Be Missing You" ya Puff Daddy na Faith Evans, ile ya kumlilia Notorious B.I.G., ya 1997. Wakairudia usiku kucha. Lile gitaa likawa ndiyo sauti ya kaka yangu.

Miaka miwili baadaye niko kwenye basi naelekea Dar, dereva akaweka gitaa lilelile. Nikaanza kulia kabla hata mwimbaji hajafungua mdomo. Halafu akaja Mzungu na maneno mengine kabisa! Nilikasirika, wallahi, nikaona wamemwibia kaka. Mzee niliyekaa naye akanieleza polepole kwamba huu, "Every Breath You Take", ndio wa asili. Tangu hapo nimewafuatilia. Nimejua hata Bruno Mars kwenye "Locked Out of Heaven" anafuata nyayo zao, na kwenye Grammy za 2013 alisimama jukwaa moja na Sting mwenyewe. Ila wimbo ule mmoja siwezi kuusikia kwa utulivu, uwe wa huyu au wa yule.

Mwanzisha uzi:

Pole sana mdogo wangu. Mungu ampumzishe kaka.

Niseme jambo kuhusu gitaa hilo, kwa sababu linaniuma. Ni vidole vya Andy Summers. Sting alikuja na wimbo, Summers akaubunia ule mnyororo wa noti, na ndio uliochukuliwa na Puff Daddy. Lakini kwenye karatasi mtunzi ni Sting peke yake, kwa hiyo fedha za wimbo ule wa 1997, uliokaa namba moja Marekani wiki kumi na moja, zilikwenda kwake. Mwaka 2025 Summers na Copeland walimpeleka Mahakama Kuu ya London kuhusu malipo. Wanamuziki wetu wa dansi wanaijua vizuri hadithi hii: aliyepiga solo linaloimbwa na nchi nzima hana hata jina kwenye lebo ya santuri.

Mdau wa Bukavu:

Jambo kwenu wote. Mimi niko Brussels sasa. Nyinyi mnasema mambo ya Sting, lakini kwetu mlango ulikuwa Copeland. Bendi ilipolala, yeye alikuja Afrika na kamera, akatoa "The Rhythmatist" mwaka 1985, sahani na filamu. Nani anaimba humo ndani? Ray Lema, mwana wa Zaire, mtu aliyeongoza muziki wa ballet ya taifa. Mjomba wangu alikuwa na sahani hiyo. Kuna wimbo unaitwa "Samburu Sunset", kuna "Serengeti Long Walk", na kuna mmoja unaitwa "Franco" tu. Mjomba alikuwa anausimamisha huo, anasema, "Sikia, mtoto. Hawa ndio walikuja kujifunza kwetu."

Filamu yenyewe nimeiona, na sikuipenda yote. Kuna Mzungu wa nguo nyeusi anatembea kati ya watu wetu kama vile sisi ni picha ya ukutani. Lakini muziki ni kitu kingine. Pale Lema anapoingia na sauti, dramu ya Copeland inarudi nyuma, inamsikiliza. Kama ndugu wa Arusha anasema mtu huyo anajua kunyamaza, mimi nakubali, nimemsikia akinyamaza mbele ya mtu wetu.

Mdau wa Vancouver:

Niwe mfupi. Nilikuwepo ukumbini hapa 28 Mei 2007, usiku wa kwanza wa ziara yao ya kurudiana. Copeland akagonga upatu mkubwa, wakaingia na "Message in a Bottle", na nikajikuta nimemshika mkono mtu nisiyemjua. Walikosea mara kadhaa. Copeland mwenyewe aliandika kwenye tovuti yake jinsi onyesho la pili lilivyokuwa bovu, bila kuficha. Mimi makosa hayo niliyapenda. Miaka zaidi ya ishirini hawajapiga ziara pamoja, ulitaka wawe kama kaseti? Ziara iliisha New York, Agosti 2008, na wakaagana hapo.

Mwanzisha uzi:

Mdau wa Bukavu, tafadhali tutafutie huo wa "Franco" uuweke hapa, nimeutafuta jioni nzima. Mdau wa Arusha, tunasubiri video ya kina mama wa sauti ya pili. Na Mombasa umetuacha njiani: yule bwana harusi aliingia na wimbo gani?

Mdau wa Mombasa:

Alikaa kimya kidogo, akamtazama bibi arusi, akamwachia achague. Akachagua taarabu ya Juma Bhalo. Shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka kwenda kumtunza.