Mjadala: Sheng, lugha ya mitaani ya Nairobi, ipewe tawi lake kwenye mti wa lugha (mchoro wa ukoo wa lugha)?

Mchangiaji wa Buruburu:
Darwin mwenyewe alilinganisha lugha na spishi mwaka 1871. Hapa Nairobi tunayaona mageuzi kwa macho: chapaa, ganji, doo na mkwanja yanashindania maana moja, pesa; mengine yatabaki, mengine yatakufa. Sheng ichorewe tawi kando ya Kiswahili.

Mchangiaji wa Kahawa:
Ndugu, mti hauchorwi kwa maneno ya misimu, yanayokuja na kupita. Unaanza na orodha ya maneno ya msingi, 100 au 200: maji, jicho, kula, kufa. Unapanga yenye asili moja kwa kufuata ulinganifu wa sauti, unaondoa ya mkopo, kisha kwa kila kundi la maneno lugha inapata 1 ikiwa nalo, 0 ikiwa hainalo. Ndipo kompyuta inatafuta mti.

Kazi huharibikia kwenye mikopo. Chukua namba. Sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu, ilhali Kingazidja cha Komoro, ndugu wa damu wa Kiswahili, kinasema ndrandaru, mfukare, shenda. Kikuyu kina kenda kwa tisa, na Kiswahili cha zamani pia kilisema kenda. Ukihesabu sita na tisa kama urithi, unawatenganisha ndugu bure.

Sasa pima Sheng. Kula ni kumanga, kuona ni kucheki. Kanuni ya zamani ilidai lugha hubakisha asilimia 86 ya yale maneno 100 kila miaka 1000. Sheng ikitofautiana na Kiswahili kwa maneno 14 tu, hesabu itasema zimeachana kama miaka 500, kwa kuwa pande zote mbili huhesabiwa kubadilika. Miaka 500! Nairobi yenyewe ilianza 1899. Wanaisimu Bergsland na Vogt waliibomoa kanuni hiyo mwaka 1962 kwa Kiaislandi, kilichobakisha mengi kupita kiasi. Mimi naangalia sarufi: “wasee wamesota” (watu wameishiwa pesa) ina ngeli na -me- ya Kiswahili kitupu.

Mchangiaji wa Umoja:
Sarufi nayo inakopa, mwalimu. “Katoto kamelala, tutoto tumelala”: ka- na tu- ziko Kikuyu na Kikamba, na hapa zimechukua nafasi ya kitoto kimelala. Upatanisho mzima umehama. Mwanaisimu Johannes Schmidt alipendekeza mawimbi, yaani mabadiliko yanayosambaa kutoka lugha moja hadi jirani yake, badala ya mti mwaka 1872, na Nairobi inamuunga mkono.

Mchangiaji wa Kahawa:
Ka- naikubali, ni mkopo mzito. Lakini imekaa pale pale ki- ilipokuwa, mbele ya -me- ile ile. Nionyeshe Sheng yenye njeo za Kikuyu, nami nitalichora hilo tawi.