Wauza soketi dima za simu Mbeya na Iringa: semeni wati za chini, acheni kusingizia umeme

Wakuu, leo hakuna salamu ndefu.

Mteja anauziwa soketi dima, yaani soketi ya kupunguza mwanga wa taa, ya kuendesha kwa simu. Anachomeka taa ya mezani yenye balbu ya LED ya wati 3 au 5, anapunguza mwanga, taa inaanza kucheza disko. Akirudisha mzigo dukani anapewa jibu lile lile: "Umeme wa huku unayumba." Anaita fundi, fundi anafungua soketi ya ukutani, anakaza skurubu ambazo hazikuwa zimelegea, anachukua hela yake. Disko linaendelea.

Umeme kuyumba upo, hakuna anayebisha. Lakini laini ikiyumba, taa zote za nyumba zinayumba pamoja. Taa ya kwenye dima ikipepesa huku ya jikoni imetulia tuli, hapo nguzo haihusiki. Mmeuza vitu viwili visivyoivana.

Boksi limeandikwa wati 300 kwa maandishi makubwa. Hizo ni wati za juu, tena za balbu ya nyuzi. Wati za chini, ambazo ndizo zinazomtesa mwenye LED, hazipo kabisa au zimefichwa kwenye kikaratasi cha ndani. Kwa dima nyingi za triaki (swichi ya kielektroniki inayopunguza mwanga kwa kukata sehemu ya kila wimbi la umeme) kiwango hicho ni wati 20 mpaka 40. Ukichomeka wati 5 uko mbali mno chini ya hapo.

Sababu yake si uchawi. Triaki ukiigusa na mpigo mdogo kwenye geti, yaani mguu wake wa kuiamsha, inaanza kupitisha umeme, kisha inaendelea kwa sababu tu mkondo unaopita ndani yake unaishikilia. Mkondo ukipungua kupita kiasi, inakata yenyewe. Triaki za kawaida zinahitaji miliampia 10 hadi 50 ili zishike, inategemea aina. Sasa pigeni hesabu. Balbu ya nyuzi ya wati 60 kwenye volti 230 inavuta miliampia 260, triaki inastarehe. LED ya wati 5 inavuta kama 22, na hizo 22 ni za kwenye karatasi, maana LED nyingi hazivuti kwa utulivu: zinadonoa kwenye kilele cha wimbi na kuacha. Triaki inapitisha, inakosa cha kuishikilia, inakata, inajaribu tena. Hezi 50 ni nusu-wimbi 100 kila sekunde. Zikirukwa chache bila mpangilio, jicho linaona.

Kero ya pili ni taa isiyozimika. Umezima kwenye simu, inabaki na kamwanga, au inamulika mara moja, kimya, inamulika tena usiku kucha. Ndani ya dima kuna kapasita ndogo (kifaa cha kuhifadhi chaji) sambamba na triaki, kazi yake kumeza makelele ya umeme. Ikiwa ya nanofaradi 100, kwenye volti 230 na hezi 50 inavujisha karibu miliampia 7 hata triaki ikiwa imekata. Balbu ya nyuzi haihisi kitu. LED ya wati 3 inazikusanya, ikijaa inamulika, inaishiwa, inaanza upya.

Halafu kuna zile zinazoletwa kutoka Marekani na kuuzwa pamoja na adapta ya pini. Geuza usome mgongoni. Ikiwa imeandikwa 120V 60Hz pekee, adapta imebadilisha umbo la pini tu, volti ni zile zile 230. Kuuza kitu hicho Tanzania bila kumwambia mtu ni kumuuzia moto.

Na kwa nini hakuna anayemwambia mteja kuwa soketi dima ni ya taa tu? Chaja ya simu, runinga, friji, pampu: hakuna hata kimoja kinachotakiwa kuguswa na wimbi lililokatwa. Soketi ina umbo lile lile la pini tatu bapa, mtoto atachomeka chochote.

Muuzaji yeyote aliyemo humu aje ajibu.

Mchangiaji wa 2 (fundi, Iringa)

Mkuu umenena, ila usitupake mafundi wote. Kuna hali moja ambapo fundi anayegeuza waya yuko sahihi: swichi ya ukutani ikiwa imekata nyutro (waya wa kurudisha) badala ya laini (waya wenye moto), LED itabaki na kamwanga hata bila dima. Tesita inatosha kugundua. Zima swichi, gusa kwa tesita ncha ya katikati ya holda. Tesita ikiwaka, waya uliokatwa siyo wenyewe. Ila kwa taa ya kuchomeka kwenye soketi dima hilo ni nadra kuwa chanzo.

Kabla ya kununua chochote, fanyeni hivi.

Chomoa balbu usome maandishi ya shingoni. Kama hakuna neno "dimmable", au kuna alama ya dima iliyokatwa mstari, mjadala umeisha, balbu hiyo haikutengenezwa kupunguzwa. Nyingi za bei ya chini zinashusha volti kwa kapasita tu, na wimbi lililokatwa linazipiga mkondo wa ghafla mara 100 kwa sekunde. Zinapepesa leo, wiki ijayo zimeungua.

Kama ni ya kupunguzwa na bado inasumbua, chomeka ekstensheni kwenye dima, weka LED yako na balbu ya nyuzi ya wati 40 zikae pamoja. Angalia jumla isipite kiwango cha juu. LED ikitulia papo hapo, ugonjwa ni mzigo mdogo. Ikiendelea kupepesa pembeni ya balbu iliyotulia, ugonjwa ni LED yenyewe. Jaribio hili ni la dakika mbili, na sijui kwa nini watu wanaanza kwa kubomoa ukuta.

Mzigo ukiwa mdogo, anza na programu ya simu. Tafuta mpangilio wa mwanga wa chini kabisa. Panda taratibu kuanzia asilimia 1 mpaka taa itulie, kisha ongeza asilimia 3 hadi 5. Zima, subiri, washa ukiwa kwenye kiwango hicho hicho. Kuna balbu zinazotulia zikishuka kutoka juu lakini zinagoma kuwaka zikianzia chini, kwa hiyo pima yote mawili. Rudia baada ya nusu saa balbu ikishapata moto. Baadhi ya dima zina pia chaguo la kukata mwanzo wa wimbi au mwisho wake. Kwa LED chagua mwisho. Hizo zinatumia mosfeti, swichi ya kielektroniki ya aina nyingine, badala ya triaki, hazihitaji mkondo wa kushikilia, na volti inapanda polepole bila kuipiga balbu. Hata mlio kama wa nyuki unaotoka kwenye dima au balbu unapungua.

Mchangiaji wa 3 (muuzaji)

Tusionewe. Sisi hatutengenezi, tunafungua katoni iliyotoka Kariakoo kama ilivyo. Na mteja ukimwonyesha balbu ya kupunguzwa anakuuliza kwa nini ni ghali kuliko ile ya pembeni, anachukua ya pembeni. Jioni anarudi kulalamika.

Mchangiaji wa 4 (Makete)

Vipi kwa sisi wa sola na inveta? Kwenye umeme wa nguzo kwa ndugu yangu taa ile ile ilitulia, nyumbani inapepesa hata nikiweka balbu nne.

Mchangiaji wa 2

Kaka wa Makete, hapo umeshajipimia mwenyewe. Inveta za bei ndogo hazitoi wimbi laini, zinatoa wimbi la ngazi. Dima inahesabu muda kuanzia pale volti inapopita sifuri, na kwenye wimbi la ngazi volti inakaa sifuri kwa muda badala ya kupita, kwa hiyo hesabu inavurugika. Balbu nne au kumi hazitasaidia. Ama inveta ya wimbi safi, ama uachane na dima upande wa sola. Ukiwa na betri ya volti 12, tumia taa za volti 12 zenye kidhibiti chake cha kupunguza mwanga, huo ndio mpango wenye akili.

Mchangiaji wa 5 (Mafinga)

Je, tukifunga rezista (kizuia mkondo) sambamba na balbu ili kuongeza mzigo? Au kapasita ya feni, zipo tele.

Mchangiaji wa 2

Kapasita ya feni USIGUSE. Ya maikrofaradi 2.5 inavuta miliampia 180 hivi kwenye wimbi zima, na triaki ikiifungulia katikati ya wimbi inapigwa mshtuko mpaka inapasuka. Rezista inafanya kazi: kiloomu 10 inaongeza miliampia 23 na inashusha ile volti ya kuvuja mpaka LED nyingi zinazima kabisa. Lakini inatoa joto la wati 5.3, kwa hiyo iwe ya waya, ya udongo, wati 15, ndani ya kisanduku cha chuma chenye matundu na chenye ethi. Usiifiche kwenye kitako cha plastiki cha taa ya mezani. Bora ununue kifaa cha kiwandani cha kuongeza mzigo, kinafungwa kati ya laini inayotoka kwenye dima na nyutro.

Mwanzisha uzi

Na cheki kichekesho chenyewe: LED ya wati 5 na rezista ya wati 5.3. Mteja alinunua LED kuokoa umeme, sasa nusu ya umeme unapasha kisanduku. Afadhali kuongeza balbu za kupunguzwa kwenye dima hiyo hiyo, maana angalau unapata mwanga.

Wafuga vifaranga nao wasikilize, msimu wa baridi ya Juni unawafanya wakimbilie dima. Balbu ya joto ya wati 100 au 250 inapungua vizuri kabisa kwenye triaki, mradi usipite kiwango cha juu. Anayeitoa na kuweka LED ya wati 9 eti kubana matumizi anawaachia vifaranga mwanga bila joto. Hata isipopepesa, watajikusanya kwenye kona na kufa kwa baridi.

Asiyetaka kuhangaika na haya yote, chukua soketi janja ya kuwasha na kuzima tu, pamoja na balbu janja inayopunguza mwanga yenyewe ndani. Usichanganye balbu janja na dima, zitagombana.

Mchangiaji wa 3, mkuu, hoja ya bei nimeielewa, lakini kumwambia mteja "hii inaanzia wati 20" haina gharama. Weka balbu atakayotumia kwenye dima hapo kaunta, shusha mpaka chini, iache dakika kumi mkiongea bei. Na kwa kuwa unasema unauza katoni kama ilivyo, piga picha mgongo wa boksi na kile kikaratasi cha ndani uziweke hapa. Tunataka kuona mstari wa wati za chini.

Mchangiaji wa 3

Nipo nyumbani sasa hivi, kesho nikifungua duka.

Mwanzisha uzi

Tunasubiri. Uzi haufungwi.