Hivi bakteria anajuaje kwamba hii ni dawa?

mdadisi77: Wakuu kuna kitu kinanisumbua. Tunaambiwa usitumie antibayotiki ovyo wadudu watakuwa sugu, sawa, ila bakteria hana macho wala ubongo, anajuaje kuna dawa hadi ajibadilishe? Au ni mwili wangu ndo unaizoea? Na mbona surua unachanjwa utotoni yameisha, mafua chanjo mpya kila mwaka?

darubini: Mwili wako haumo hapo mkuu, ni mdudu, na wala hajui kitu. E. koli, bakteria anayeishi tumboni, akipata joto na chakula anajigawa kila dakika 20 hivi, piga hesabu, saa 7 tu mmoja kawa zaidi ya milioni 2. Kila akijigawa anakopi vinasaba na kwenye kukopi makosa hayakosekani, mengi hayana faida, ila kwenye umati ule anapatikana mmoja ambaye pale dawa inaponasa pamebadilika umbo kidogo, haishiki. Dawa ikiingia wenzake wanakufa anabaki yeye na uwanja mzima. Mwaka 2016 watafiti wa Harvard walionyesha hii kwa video, trei kubwa, pembeni hakuna dawa, halafu inapanda mpaka kwa mpaka, katikati dawa mara 1000 ya ile inayoua bakteria wa kawaida. Wanafika kwenye mpaka wanagota, wote, halafu sehemu moja moja linachomoza doa jeupe linatanuka kama feni, mpaka unaofuata tena hivyo hivyo. Siku kama 11 wako katikati. Mimi niliirudia mara tatu.

msomaji_kimya: Ongezea, hawasubiri makosa tu. Wanapeana. Kuna kipande cha DNA, yani vinasaba, kinaitwa plasmidi, bakteria anamgawia jirani hata kama sio wa aina yake, yani usugu unapita mkono kwa mkono.

Bi Mkubwa: La surua, mwanangu, kile kirusi nacho kinakosea sana kukopi, ila sehemu zake ambazo kinga inazishika ndo hizo hizo anazotumia kuingilia kwenye seli, akizibadilisha sana haingii popote. Wa mafua anabadilisha sura ya nje na bado anaingia, kinga yako inatafuta mtu wa mwaka jana.

mdadisi77: Duh asanteni. Sasa kuna daktari aliniandikia antibayotiki kwa mafua, ilisaidia nini?

darubini: Kirusi haikumgusa. Bakteria wa tumboni kwako ndo walifanyishwa mtihani bure.