Zitto na majimbo mawili ya Kigoma: kiti kilibakije wakati wa ugomvi na CHADEMA?

Mwanakigoma: Wakuu, naomba kueleweshwa. Zitto Kabwe alikuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, halafu 2015–2020 namkuta Kigoma Mjini. Sheria inaruhusu? Na ugomvi wake na CHADEMA ulilipuka 2013, mbona alibaki bungeni hadi 2015?

Mchambuzi wa Kata: Kaskazini alishinda mara mbili kwa CHADEMA, 2005 na 2010. Agosti 2007 Bunge lilimsimamisha kwa hoja ya mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, lakini kusimamishwa ni kukosa vikao tu, ubunge uko palepale. (Kisiasa adhabu ile ilimjenga kuliko kumbomoa.) 2015 akachukua Mjini kwa ACT-Wazalendo, mbunge pekee wa chama hicho, na 2020 akaangushwa na Kilumbe Ng'enda wa CCM.

Kuhama jimbo ni ruksa. Ibara ya 67 ya Katiba inataka uwe raia, umri wa miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na upendekezwe na chama. Makazi hayamo. Peter Serukamba wa CCM alipishana naye mwaka huohuo: alitoka Mjini, akashinda Kaskazini.

Wakili wa Kijiweni: Kilichoshikilia kiti ni zuio la mahakama. Kwa Ibara ya 71, ukikoma kuwa mwanachama wa chama kilichokupeleka bungeni, ubunge umekwisha. Sasa angalia mpangilio: Novemba 2013 Kamati Kuu ya CHADEMA ilimvua vyeo kwa tuhuma za kupanga kuung'oa uongozi wa chama, uanachama bado. Akawahi Mahakama Kuu, na Januari 2014 chama kikazuiwa kuujadili uanachama wake. Kitila Mkumbo na Samson Mwigamba, waliokuwa naye kwenye tuhuma zilezile, walifukuzwa mwezi huohuo. Kesi ilipotupwa Machi 2015, CHADEMA wakamtimua, naye akajiuzulu ubunge siku chache baadaye.

Wabunge David Kafulila wa NCCR-Mageuzi na Hamad Rashid wa CUF, walipofukuzwa na vyama vyao, nao walijikinga kwa mahakama. Ukichelewa, imekula kwako. Wabunge wanane wa viti maalumu wa CUF mwaka 2017 wanalijua hilo: Spika alipokea barua ya chama kuwa wamefukuzwa, Tume ya Uchaguzi ikateua wengine. Viti maalumu hujazwa bila wananchi kupiga kura, kwa hiyo mwanya wa kujitetea ni mdogo zaidi.

Mwanakigoma: Na Kaskazini mbona hakukuwa na uchaguzi mdogo?

Wakili wa Kijiweni: Ibara ya 76. Ikibaki miezi 12 au pungufu kabla ya Bunge kuvunjwa, uchaguzi mdogo haufanyiki. Bunge lilivunjwa Julai 2015, yeye katoka Machi. Jimbo likakaa bila mbunge hadi Oktoba.

Mchambuzi wa Kata: Niongeze moja kwa wanaopanga kuhama hivi. Mgombea binafsi hayupo. Mchungaji Christopher Mtikila, aliyedai haki hiyo, alishinda kesi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu Juni 2013, lakini Katiba haikuguswa. Kwa hiyo uwe na chama kipya kabla ya siku ya uteuzi. Halafu wadhamini: sheria iliyotumika chaguzi zile ilitaka wasiopungua 25, wote wapiga kura walioandikishwa ndani ya jimbo unaloomba. Watu wa jimbo la zamani hawahesabiki hata wawe mia. Beba ziada, na linganisha kila namba ya kadi ya mpiga kura na daftari la wapiga kura kabla ya kurudisha fomu, maana pingamizi huanzia hapo. 2020 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa kasoro za fomu.