Tupeane uzoefu: nusu mwaka imekatika, alama yako imekwama ukurasa wa ngapi?

Karani wa Lindi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Julai. Jana usiku, baada ya kufunga hesabu za mwaka wa fedha kazini (wanaoijua tarehe 30 Juni wanajua macho yanavyokuwa), nimerudi nyumbani nikasema ngoja na mimi nifunge hesabu zangu za vitabu. Januari nilijiandikia vitabu 24, viwili kila mwezi. Niliandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya mlango wa chumbani ili kila nikivaa nione.

Nimesoma 7. Na katika hivyo 7, kimoja ni cha mwanangu wa darasa la pili, kurasa 16, kila ukurasa una sungura. Nimekihesabu. Msinicheke.

Hiyo 7 nilikuwa naitegemea. Kilichonishtua ni kingine. Nilitoa vitabu vyote nilivyoanza na sikumaliza, nikavipanga kitandani, nikaangalia nimeishia wapi. Mimi sikunji ukurasa, naweka chochote kilicho karibu na mkono. Humo nimekuta risiti ya ada, ukurasa wa 61. Tiketi ya basi la Dar, ukurasa wa 58. Bahasha ya dawa ya mtoto, 60. Uzi wa kanga, 64. Vitabu vinne vya watu wanne, vimefia sehemu moja kama abiria wa gari moja.

Nikakaa kuwaza. Kurasa 60 ndiyo wiki yangu ya kwanza na kitabu kipya, bado kina moto. Wiki ya pili linaingia jambo: ada, safari, homa ya mtoto. Nikirudi siku kumi baadaye sijui tena nani mjomba wa nani. Kuanza upya naona uvivu, kuendelea naona giza. Nachukua kingine.

Basi tupeane uzoefu. Ila jamani idadi peke yake mtu anaweza kutudanganya (mimi na sungura wangu ni ushahidi). Sema ulipanga nini, umefika wapi, na ulipokwama uliweka alama gani.

Mpulizaji, Tandahimba

Dada Karani, kosa lako la kwanza ni Januari. Huku kwetu nani anasoma Januari? Mvua inanyesha, palizi imekuzidi, hela ya korosho imeshakuwa sare za shule na bati. Mwaka wangu wa kusoma unaanza Juni, mikorosho ikianza kuchanua na mashine ya kupulizia ikatoka stoo.

Nieleze kwa wasio wakulima. Salfa ya unga dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, inapulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili unga ushike, na upepo haujaamka. Saa kumi na moja niko shambani. Saa tatu upepo ukianza kutikisa matawi tumemaliza, ukiendelea unapulizia shamba la jirani bure. Kuanzia hapo hadi jua la saa sita nina kivuli cha mkorosho, chupa ya chai, muhogo wa kuchemsha na kitabu. Hakuna mtu wa kunitafuta, maana simu huku inashika mtandao ukipanda kichuguu.

Lengo langu ni vitabu vitatu mpaka kupuliza kuishe, mwishoni mwa Agosti au Septemba. Nimemaliza kimoja, cha pili niko katikati. Ukinipima kwa Januari mpaka Juni nimefeli vibaya. Nipime kwa msimu.

Alama yangu ni kidole. Salfa haitoki mkononi hata ukinawa, kwa hiyo kila ukurasa niliosoma una dole la njano kwenye pembe ya chini. Ukurasa ulio msafi ndio nilipoishia. Ila tahadhari: juzi nilijifikicha macho nikiwa kwenye sehemu ya msiba, machozi yakatiririka. Mke wangu kaleta chakula akaona, akaweka sahani chini akauliza, "Nani kafa?"

Boda wa Masasi

Huyo wa salfa kanimaliza 😂

Mimi sikupanga vitabu, nilipanga kurasa. Kitabu kinakaa chini ya siti kwenye mfuko wa nailoni, na kila nikirudi kijiweni nikiwa wa mwisho kwenye foleni nasoma. Foleni ya watu sita ni kama kurasa nne, tano. Siku ya mnada hamna kitu, siku ya mvua nasoma mpaka kumi na tano. Kijiweni walinipa jina la Profesa kwa dhihaka, sasa limeganda hadi abiria wananiita hivyo. Kuna mama alinikataa, akasema yeye hapandi na profesa, atampeleka taratibu.

Nimemaliza vitatu toka mwaka uanze. Kwa mtu aliyeachia kidato cha pili naona siyo haba.

Alama yangu ni mkeka wa kubeti uliochanika. Niliacha kubeti mwezi wa tatu na ile karatasi nimeiacha humo makusudi.

Kijana wa Nachingwea

Mimi 41 mpaka sasa. Natumia programu ya muhtasari, kitabu kimoja dakika 15, unasikiliza huku unapiga pasi. Wakubwa badilikeni, dunia inakimbia.

Mpulizaji, Tandahimba

Mdogo wangu hiyo ni kangomba. Mtu anakuja na kopo lake shambani, korosho haijafika ghalani, anakupa hela kidogo, wewe unaona umeuza. Mnada ukifika wenzako wanashika bei, wewe umeshika kopo.

Kijana wa Nachingwea

Sawa mzee, lakini hata wa kangomba anakula leo.

Karani wa Lindi

Msigombane kwenye uzi wangu. Kijana, nitajie kitu kimoja tu unachokikumbuka kutoka kwenye kile cha kumi na tisa.

Kijana wa Nachingwea

Ngoja nikirudi kazini nitajibu.

Mama Maandazi, Chikongola

Sifuri.

Naandika ili nisiwe peke yangu ninayesoma uzi huu kimyakimya. Nilipanga kimoja tu. Nakanda saa nane usiku, nachoma saa kumi na moja, nauza mpaka saa nne, nalala, naamka na watoto. Kitabu nilichoazima kilirudi kwa mwenyewe kikiwa na mafuta kwenye jalada na mimi sijafika hata sura ya pili. Aliyeniazima hajanisemesha vizuri mpaka leo.

Kuli wa Bandarini, Mtwara

Mama Maandazi, usijali mafuta. Changu kina makaa ya mawe. Huyo bwana wa salfa ana dole la njano, langu jeusi. Tangu shehena za makaa kutoka Ruvuma zianze kupitia bandari yetu, hata daftari la mwanangu lina alama zangu.

Mimi malengo siwezi kusema ni ya mwaka. Rafiki yangu alinipa riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi akisema "soma, imeandikwa kukuhusu". Nilidhani ananitania kwa jina la kazi. Kumbe humo mna mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948, jinsi wenzetu walivyobeba na walivyolipwa. Nimesoma kwa zamu za usiku, meli ikisubiri gati, tumekaa juu ya mapalleti. Mwanzoni nasoma kimya. Siku ya tatu jamaa mmoja akasema soma kwa sauti, sisi macho yetu yamechoka. Tukawa watu saba. Kuna mmoja alikuwa anakatiza kila ukurasa: "Hapo hapo! Rudia hapo!" Kitabu ambacho ningemaliza kwa wiki mbili kimechukua miezi miwili, na hakuna aliyelalamika zaidi ya msimamizi.

Kwa hiyo kwa hesabu ya Karani mimi nina kitabu 1. Au 7, kama unahesabu masikio.

Mwalimu Mstaafu, Newala

Nimesoma michango yote. Huku juu Newala ukungu haujaondoka tangu asubuhi, nimejifunika shuka nikiwa dirishani, kwa hiyo nina muda.

Karani wa Lindi

Shikamoo mwalimu. Karibu sana.

Mwalimu Mstaafu, Newala

Marahaba mwanangu. Nataka kurudi kwenye ukurasa wako wa 60, kwa sababu wengine wameupita haraka.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mimi nilikuwa kijana niliyetoka kumaliza darasa la saba, nikapewa kufundisha wazee jioni chini ya mwembe. Wazee wenyewe walikuwa na mashamba. Wanakuja Jumatatu, wanapotea siku nane, wanarudi. Mimi kwa ujinga wa ujana nikawa naendelea pale tulipoishia, wao wananitazama tu kama mtu anayeongea na kuku. Walisahau, na mtu mzima hasemi amesahau. Anaacha kuja.

Kuna bibi mmoja ndiye aliyenifundisha kazi. Alisema, "Mjukuu wangu, hata hadithi ya usiku ukiilalia, kesho mtoto anakuambia kwanza ilipofika." Tangu siku hiyo hatukufungua kitabu kabla mtu mmoja hajasimulia tulipoishia. Akikosea, wengine wanamsahihisha, wanacheka, na wote wanakumbuka. Mahudhurio yakatulia.

Mwanangu, usirudi kwenye kitabu kimyakimya. Kabla hujafungua, msimulie mtu ulipofika. Yeyote. Hata ukisimulia vibaya.

Kuhusu mimi: nilipanga kitabu kimoja kwa mwaka, nilichokisoma nikiwa chuo cha ualimu, nikirudie polepole. Ninamsomea mke wangu, macho yake hayaoni tena maandishi. Tuko zaidi ya nusu. Alama yetu ni mguu wa miwani yake ya zamani iliyovunjika. Yeye ndiye anauweka, kwa kupapasa.

Mtu wa Kilwa

Mwalimu umenipa moyo wa kuungama.

Mimi nimezaliwa Kivinje, nimekulia Kivinje. Ebrahim Hussein kazaliwa Kilwa mwaka 1943, tamthiliya yake ya Kinjeketile imetoka 1969, nje ya nchi watu wanaifundisha vyuoni. Na mimi mpaka Machi mwaka huu nilikuwa sijaifungua. Shuleni tulisoma nyingine, nikabaki na jina tu la kujibia mtihani.

Nimekwama mara mbili, na haikuwa kwa kukosa muda. Ni kwa sababu mahali panapotajwa napajua. Matumbi ni kwa mama yangu. Julai kama hii, mwaka 1905, watu waling'oa pamba kule Nandete, na Kinjikitile mwenyewe wa kwenye historia alinyongwa Agosti tu hiyo hiyo, vita vyenyewe vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vinashika moto. Nasoma ukurasa mmoja, nafunga, nampigia simu mjomba Matumbi kumuuliza. Mjomba naye ana lake, anasema babu yake aliambiwa hivi na vile, tunaishia kuongea saa nzima. Salio linaisha, kitabu hakijasogea.

Tamthiliya ni nyembamba, mtu anaimaliza kwa mchana mmoja. Mimi imenichukua toka Machi mpaka wiki iliyopita. Lengo langu lilikuwa vitabu 10 na hicho ni cha pili. Nimefuta ile 10. Sijaandika namba nyingine.

Alama: vocha zilizokwanguliwa. Nyingi.

Boda wa Masasi

Kijana wa Nachingwea bado hajarudi kazini? 😂

Mama Maandazi, Chikongola

Kuli, hicho kitabu mmeshamaliza?

Kuli wa Bandarini, Mtwara

Tumemaliza mama. Jumamosi natoka zamu saa moja asubuhi napita kwako, nakuachia. Kina makaa, kina chai, ukurasa mmoja uko nusu, ila kile kipande nimekiandika kwa mkono pembeni. Ongeza mafuta yako kitimie. Nibakizie maandazi manne.

Mama Maandazi, Chikongola

Sitakimaliza kwa haraka, nakuambia mapema.

Kuli wa Bandarini, Mtwara

Wanangu wa zamu wameshaanza kuuliza kingine, wewe kaa nacho. Mwanao wa kwanza yuko darasa la ngapi?

Mama Maandazi, Chikongola

La sita.

Kuli wa Bandarini, Mtwara

Basi yeye asome, wewe ukande.

Karani wa Lindi

Nimerudi wakuu. Mwalimu, nimekutii. Jana jioni nimechukua kile cha tiketi ya basi, nimemkalisha mwanangu jikoni nikamsimulia mpaka pale ukurasa wa 58, huku nachambua mchicha. Nikafika kwa yule mjomba anayedai shamba nikaanza kujikanyaga, mara kaka wa mama, mara kaka wa baba. Mtoto akasema, "Mama, kama ni kaka wa baba siyo mjomba, ni baba mkubwa." Nikafungua ukurasa wa 12 kuhakikisha.

Ni baba mkwe. Miezi mitatu nilikuwa nasoma kitabu kingine kabisa. Nimeanza upya, niko ukurasa wa 31, na huyu mtoto anataka kujua shamba lilikwenda kwa nani.