Fundi anasema mbao ni waiti oki ya Tengeru, kuna ukweli hapa?

mama_wawili_njiro: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada, nimeagiza meza ya kulia kwa fundi mmoja hapa Arusha sasa ananiambia mbao ni waiti oki, eti miti imekatwa shamba la kahawa kule Tengeru, na kweli ubao una vile vimichirizi vinavyong'aa ila bei jamani imechangamka. Ntajuaje?

seremala_mstaafu: Dada hiyo ni mgrevilea 😂 umejaa mashamba yote ya kahawa kuanzia Usa River mpaka Machame, asili yake Australia, Wazungu wanauita silki oki na hapo ndo fundi kapata kisingizio. Vimichirizi visikubabaishe, miti yote miwili inavyo hasa ukipasuliwa kwa kufuata kiini. Waiti oki yenyewe ni mwaloni wa mashariki ya Marekani na Kanada, kule kwenye baridi unapukutisha majani.

kibosho_boy: mkuu mbona Stellenbosch Afrika Kusini ipo mialoni barabarani kabisa nimeiona, kwa nini isiwepo Tengeru

seremala_mstaafu: Ile ya Stellenbosch ni mwaloni wa Ulaya, walipanda walowezi, na kule kuna kipupwe cha maana. Sisemi hakuna mzungu aliyewahi kupanda mmoja kwenye bustani yake huku, ila wa kupasua mbao za biashara hapana. Dada mwambie akuonyeshe jani. Waiti oki jani lina mikato, ncha zake za mviringo, mara nyingi 7 mpaka 9, ncha zikiwa kali zenye kimwiba hiyo ni redi oki, mwaloni mwingine wa huko huko. Mbegu ya waiti oki inakaa kwenye kikombe na inakomaa mwaka huohuo, redi oki inachukua miwili. Mgrevilea jani limechanika chanika, chini jeupe la fedha, maua ya rangi ya chungwa nyuki wanayapenda balaa.

arusha_mbao: Ukikuta ubao tu bila jani, kata kipande kifupi, chovya ncha moja kwenye maji upulize nyingine kwa nguvu, redi oki inatoa mapovu, waiti oki hapana maana vitundu vya kiini vimejiziba vyenyewe. Ndo maana mapipa ya wiski wanatengenezea hiyo, hayavuji. Ila kipimo hiki ni cha kutofautisha oki kwa oki, kwa mgrevilea hakikusaidii.

mama_wawili_njiro: Asanteni, kanitumia picha ya jani, limechanika chanika na chini jeupe 😩 kwa hiyo ni mbao mbaya?

arusha_mbao: Si mbaya hata, nyumbani kwetu kabati ni la huo huo, ila ikauke vizuri, na mwambie avae mikono mirefu akipiga msasa, lile vumbi linawasha watu wengine. Bei ndo mjadiliane upya, na kama hujatoa advansi usitoe kwanza.

kibosho_boy: na mimi nina mgrevilea mitatu hapa kwetu, anaihitaji? 😂