Flashi nimeiandika, HP haiioni. Nisaidieni

Mkaa_Langoni: Wakuu, niko Lamu. Kuna HP kuukuu ya dukani, RAM GB 2, nataka kuiwekea antiX (Linux nyepesi ya kompyuta za zamani). Flashi ya GB 8 nishaiandika ISO yake (faili lenye mfumo mzima), lakini nikibonyeza Esc kisha F9, kwenye orodha ya vifaa vya kuwashia haimo. Mwenye duka anaitaka kesho.

Jahazi_Kuu: Weka Ventoy upumzike. Unaisakinisha mara moja, kisha unanakili ISO kama faili la kawaida, hata tano.

BintiMalindi: Hakuuliza hilo. Mkaa, umeiandika kwa nini?

Mkaa_Langoni: Kwa dd (amri ya kunakili data moja kwa moja), kwenye laptopu yangu ya Linux. GB 1.8 kwa sekunde 8, bila kosa lolote.

BintiMalindi: Bandika amri yenyewe.

Mkaa_Langoni: `sudo dd if=antix.iso of=/dev/sdb1 bs=4M`
Najua mtaishika hiyo sdb1 (patisheni, yaani kipande cha flashi). Ndiyo niliyoiona kwenye lsblk (amri ya kuorodhesha diski), na sdb nzima naiogopa, isije ikafuta diski ya ndani. Kwani ISO si ile ile?

BintiMalindi: Ile ile, ila imekaa pasipo pake. ISO hiyo imebeba jedwali lake la patisheni na kianzishi chake (programu ya kuwasha mfumo), navyo lazima vianzie sekta ya kwanza ya flashi. sdb1 kwa kawaida huanza MB 1 ndani. HP ikisoma mwanzo inakuta jedwali la zamani.

Pweza_Kavu: Na ubani umefukiza?

Mzee_wa_Shela: Uzi huu wa kutunga. GB 1.8 kwa sekunde 8 ni MB 225 kila sekunde, na USB 2.0 haifiki hata MB 50. Vijana mtuheshimu.

Mkaa_Langoni: Mzee wangu, wallahi ndivyo dd ilivyoandika. Na tundu ni USB 2.0 kweli.

BintiMalindi: Shikamoo mzee. Hesabu yako sawa, lakini hajatunga. Bila `conv=fsync`, dd huhesabu kilichoingia kwenye RAM, na flashi huendelea kuandikwa polepole baadaye. Mkaa, uliichomoa lini?

Mkaa_Langoni: Papo hapo. Taa yake ilikuwa inametameta, lakini dd ilishamaliza, na stima ilikuwa inayumba…

BintiMalindi: Basi makosa ni mawili. Endesha `lsblk` flashi ikiwa nje, kisha ikiwa ndani: jina linalozuka ndilo lake. Likiwa sdb:
`sudo umount /dev/sdb1`
`sudo dd if=antix.iso of=/dev/sdb bs=4M conv=fsync status=progress`
Kisha hakiki kwa cmp, inayolinganisha ISO na flashi:
`sudo cmp -n $(stat -c %s antix.iso) antix.iso /dev/sdb`
Isiposema kitu, ni salama. Kwenye HP zima Secure Boot (ulinzi unaozuia mifumo isiyosainiwa kuwaka).

Mzee_wa_Shela: Marahaba. Na kilichokuwa kwenye flashi kimekwenda, asije kukililia hapa.

Mkaa_Langoni: Dakika 5 na ushei safari hii. cmp kimya. Ila nimeichomeka kwenye Windows ya jirani, inaniambia niifomati kwanza. Niifomati?

BintiMalindi: USIGUSE! Ukiifomati unaifuta antiX. Funga hilo dirisha, ipeleke HP.